Malkia Liliuokalani na dau la mnyonge

Wahenga walinena kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Kila niwafundishapo wanafunzi wangu jinsi maneno ya mikataba na sheria yanavyofanya kazi, methali hii hunijia akilini pamoja na jina la mwanamke mmoja wa visiwa vya mbali, katikati ya bahari ya Pasifiki. Huyo ni Malkia Liliuokalani, mtawala wa mwisho wa ufalme wa Hawaii. Wengi wamjuao humjua kwa wimbo wa kuagana alioutunga, Aloha Oe, ambao huimbwa hata na watu wasiojua aliyeutunga. Ni wachache wajuao kwamba mtunzi huyo alipambana na dola kubwa kwa silaha moja tu: maneno yaliyoteuliwa kwa makini na kuandikwa karatasini. Nakusudia leo kuyasimulia maisha yake, kwa kuwa naamini yana funzo kwa mwalimu wa historia, kwa mwalimu wa lugha, na kwa mwanafunzi anayedhani kwamba masomo hayo mawili hayahusiani.

Liliuokalani alizaliwa tarehe 2 Septemba 1838 mjini Honolulu, katika kisiwa cha Oahu. Wazazi wake, Kapaakea na Keohokalole, walikuwa wa koo za machifu wakuu. Kwa mujibu wa mila ya Wahawaii, mtoto aliweza kukabidhiwa wazazi wengine wamlee kama wa kwao, na kwa njia hiyo koo zikazidi kufungamana. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Alilelewa na Paki na mkewe Konia, pamoja na binti yao Bernice Pauahi. Angali mdogo, alipelekwa katika shule ya bweni ya watoto wa machifu iliyoendeshwa na wamishenari wa Kimarekani, Amos Cooke na mkewe Juliette. Humo alijifunza Kiingereza na muziki. Humo pia, kama alivyokuja kueleza uzeeni, watoto wa wakubwa walilala na njaa mara nyingi.

Msomaji asidhani kwamba visiwa hivyo vilikuwa pori lisilojulikana. Wamishenari walifika mwaka wa 1820, na kufikia 1826 alfabeti ya Kihawaii ilikuwa imekwisha kupangwa. Lugha hiyo ina konsonanti nane tu na vokali tano, na silabi zake zote huishia kwa vokali, jambo ambalo humpa Mswahili urahisi wa kuitamka japo lugha hizo mbili hazina udugu wowote. Wahawaii waliupokea uandishi kwa shauku kubwa. Gazeti la kwanza la Kihawaii lilichapishwa mwaka wa 1834, na katika miongo iliyofuata watu wa kawaida walisoma, waliandika na kujadiliana magazetini kwa lugha yao wenyewe.

Katika medani ya kidiplomasia pia, Hawaii ilikuwa na nafasi yake. Mnamo Novemba 1843 Uingereza na Ufaransa zilitoa tamko la pamoja la kuutambua uhuru wa ufalme huo. Mwaka wa 1849 Marekani ilifunga nao mkataba wa urafiki na biashara. Lakini miezi michache kabla ya tamko hilo la 1843 lilizuka jambo ambalo namwomba msomaji alitie akilini, maana litatufaa mbele. Nahodha wa manowari ya Kiingereza, Lord George Paulet, aliviteka visiwa hivyo kwa vitisho. Mfalme Kamehameha wa Tatu hakuwa na nguvu za kumzuia. Alisalimu amri, lakini alifanya hivyo kwa pingamizi rasmi, akilipeleka shauri lake mbele ya serikali ya London yenyewe. Baada ya miezi mitano alifika Admeri Richard Thomas, akaipandisha upya bendera ya Hawaii. Liliuokalani wakati huo alikuwa mtoto wa miaka minne. Wahawaii wakajifunza kwamba mnyonge akinyang'anywa na mtumishi, ana haki ya kumshtakia bwana wa mtumishi huyo.

Mwaka wa 1862 Liliuokalani aliolewa na John Owen Dominis, mwana wa nahodha aliyetoka Marekani. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka wa 1874 kaka yake, Kalakaua, alichaguliwa kuwa mfalme, na mwaka wa 1877 dada huyu akatangazwa kuwa mrithi wa kiti. Mfalme alipoizunguka dunia mwaka wa 1881, yeye ndiye aliyeachiwa utawala. Ugonjwa wa ndui ulipozuka, aliamuru bandari zifungwe ili usienee visiwa vingine. Wenye biashara walinung'unika, lakini yeye alishikilia uamuzi wake.

Biashara yenyewe ilikuwa ya sukari. Kwa mkataba wa mwaka wa 1875, sukari ya Hawaii iliingia Marekani bila kutozwa ushuru. Mashamba ya miwa yakapanuka, na utajiri ukajilimbikiza mikononi mwa familia chache, nyingi zikiwa za asili ya Kimarekani. Hapo ndipo ilipo hatari ya mnyonge kutegemea soko moja la mwenye nguvu: anayekufungulia mlango ndiye pia anayeweza kukufungia. Mkataba ulipofanywa upya mwaka wa 1887, Marekani ilipewa haki ya pekee ya kuitumia Pearl Harbor kwa meli zake. Mwaka uo huo, kundi la wafanyabiashara na mawakili, likiungwa mkono na askari wa kujitolea wenye bunduki, lilimlazimisha Kalakaua kutia saini katiba iliyompokonya madaraka yake na kuwanyima wengi wa raia wake haki ya kupiga kura kwa kuweka masharti ya mali. Katiba hiyo ilipachikwa jina la Katiba ya Singe. Liliuokalani alikuwa London wakati huo, katika sherehe za jubilii ya Malkia Victoria, akiketi miongoni mwa wana wa wafalme wa Ulaya. Heshima ya ugenini na fedheha ya nyumbani zilimfika kwa pamoja.

Kalakaua alifariki mjini San Francisco tarehe 20 Januari 1891. Siku tisa baadaye Liliuokalani alikula kiapo, naye akalazimika kuapa kuilinda katiba ile ile ya singe. Mwezi wa Agosti mumewe naye akaaga dunia. Aliirithi nchi yenye uchumi uliotikisika, kwa sababu sheria mpya ya ushuru ya Marekani ya mwaka wa 1890 ilikuwa imeifutia sukari ya nchi zote ushuru na kuwapa ruzuku wakulima wa Marekani wenyewe. Upendeleo wa Hawaii ukatoweka. Baadhi ya wenye mashamba na mawakili wao wakaona kwamba dawa ni visiwa hivyo kugeuzwa kuwa sehemu ya Marekani.

Sitaki kumfanya Malkia huyu kuwa malaika. Tarehe 14 Januari 1893 alijaribu kutangaza katiba mpya ambayo ingelirudishia taji madaraka yake na kuwapa kura raia wa nchi tu. Wengi wa watu wake walikuwa wamemwomba afanye hivyo, lakini njia aliyoitumia haikuwamo katika katiba aliyoapa kuilinda, na wapinzani wake wakaishika hoja hiyo barabara. Mawaziri wake wenyewe walikataa kutia saini, naye akaahirisha. Hata hivyo, kosa la mwenye nyumba halimpi jirani ruhusa ya kuitwaa nyumba.

Watu 13 waliojiita Kamati ya Usalama, wakiongozwa na wakili Lorrin Thurston, waliamua kuupindua ufalme. Mwakilishi wa Marekani mjini Honolulu, John Stevens, aliyekuwa akitaka visiwa hivyo vichukuliwe na nchi yake, aliamuru wanamaji 162 washuke kutoka manowari iitwayo Boston jioni ya tarehe 16 Januari. Walipiga kambi karibu na kasri na jengo la serikali, ilhali hapakuwa na ghasia yoyote mjini. Kesho yake Serikali ya Muda ilitangazwa chini ya Sanford Dole, na Stevens akaharakisha kuitambua.

Walimu wenzangu, hapa ndipo ningependa tutulie. Malkia alikuwa na askari wachache. Angeweza kupigana, watu wakafa na yeye akashindwa. Angeweza pia kutia saini hati ya kawaida ya kujiuzulu, na mambo yakaishia hapo. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliandika taarifa fupi ambayo kila kishazi chake kilikuwa na kazi. Kwanza, alisema kwamba anapinga kila tendo lililofanywa dhidi yake na dhidi ya serikali halali ya nchi. Pili, alisema kwamba anauacha utawala ili kuepusha umwagaji wa damu. Tatu, na hili ndilo la ajabu, hakusema kwamba anaikabidhi Serikali ya Muda chochote. Alisema kwamba ameshindwa na nguvu za Marekani, ambayo mwakilishi wake ndiye aliyeteremsha askari. Nne, aliweka mpaka wa wakati: hadi serikali ya Marekani itakapochunguza ukweli, itengue tendo la mwakilishi wake na kumrejesha kitini.

Dole aliipokea hati hiyo na kuandika juu yake kwamba ameipokea, bila kuonyesha kama aling'amua uzito wake. Msomaji bila shaka ameikumbuka ile hati ya Kamehameha wa Tatu ya mwaka wa 1843. Malkia alikuwa akiifuata njia ya babu zake. Kwa kubadilisha jina la mpokeaji tu, aliugeuza uasi wa watu 13 kuwa shauri kati ya dola mbili.

Je, maneno hayo yalifua dafu? Kwa muda, ndiyo. Rais Benjamin Harrison alikuwa ameharakisha kupeleka mkataba wa kuitwaa Hawaii mbele ya Baraza la Seneti. Lakini Grover Cleveland aliposhika urais mwezi Machi 1893, aliuondoa mkataba huo na kumtuma James Blount kuchunguza. Blount aliishusha bendera ya Marekani aliyokuwa ameipandisha Stevens, akahoji watu kwa miezi kadhaa, kisha akaripoti kwamba mapinduzi yale yasingefaulu bila mkono wa Stevens na wanamaji. Mwezi wa Desemba Cleveland aliiambia Kongresi waziwazi kwamba serikali ya nchi dhaifu na rafiki ilikuwa imeangushwa kwa tendo la kivita lisilo na idhini, na kwamba Marekani ilikuwa na wajibu wa kurekebisha dhuluma hiyo.

Hata hivyo, neno likitoka kinywani mwa mnyonge huandikwa kwa kalamu ya mwingine. Mwakilishi mpya, Albert Willis, alimuuliza Malkia kama angewasamehe waasi endapo angerejeshwa. Willis aliripoti kwamba Malkia alijibu kuwa watakatwa vichwa. Yeye alikana kabisa kutamka hivyo. Alishikilia kwamba alieleza tu adhabu ya uhaini iliyowekwa na sheria. Wiki chache baadaye alikubali kwa maandishi kuwasamehe wote. Lakini magazeti ya Marekani yalikuwa yamekwisha kumchora kama mshenzi mwenye kiu ya damu. Dole alipotakiwa kumrudishia kiti, alikataa, akidai kwamba Marekani haina haki ya kuingilia mambo ya ndani ya Hawaii. Kinaya kilioje! Cleveland hakuwa tayari kutumia askari. Tarehe 4 Julai 1894, siku ya uhuru wa Marekani, wapinduzi walitangaza Jamhuri ya Hawaii.

Januari 1895 wafuasi wa Malkia walijaribu kuirudisha serikali yake kwa silaha, wakashindwa. Yeye alikamatwa. Akaambiwa kwamba asipotia saini hati ya kujiuzulu, baadhi ya wafuasi wake watauawa. Alitia saini, na alilazimishwa kuandika jina la Liliuokalani Dominis, jina ambalo hakuwahi kulitumia kama mtawala. Aliifahamu kasoro hiyo na baadaye akaieleza dunia. Mahakama ya kijeshi ilimpata na hatia ya kujua njama za uhaini na kuzinyamazia, ikamhukumu kifungo cha miaka mitano na kazi ngumu pamoja na faini ya dola 5,000. Hakutumikia kazi ngumu, ila alifungiwa kwa takriban miezi minane katika chumba kimoja cha ghorofani ndani ya kasri lake mwenyewe. Humo alishona shuka la viraka, akatunga nyimbo, na akaanza kuutafsiri kwa Kiingereza utenzi mrefu wa asili ya ulimwengu na nasaba za machifu, uitwao Kumulipo. Tafsiri hiyo ilichapishwa Boston mwaka wa 1897.

Miaka hiyo haiko mbali nasi. Mwaka wa 1895 ndio ambao ukanda wa pwani wa maili kumi, milki ya Sultani wa Unguja, uliwekwa chini ya utawala wa Uingereza kwa mkataba. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Agosti, manowari za Kiingereza zilililipua kasri la Unguja kwa muda usiotimia saa moja kwa sababu ya mzozo wa urithi wa kiti. Yaliyotendeka Honolulu yalikuwa desturi ya zama hizo katika kila bandari ambamo mnyonge aliishi na mwenye nguvu alitia nanga.

Baada ya kuachiliwa, Liliuokalani alisafiri hadi Washington. Juni 1897 Rais William McKinley alitia saini mkataba mpya wa kuitwaa Hawaii. Kesho yake Malkia aliwasilisha pingamizi lake. Huko nyumbani, vyama vya wazalendo wa kike na wa kiume vilizunguka kisiwa baada ya kisiwa vikikusanya saini. Hati zao ziliandikwa kwa Kihawaii na Kiingereza. Zaidi ya watu 21,000 walitia saini, katika jamii ya Wahawaii asilia wapatao 40,000, watoto wakiwamo. Wajumbe wanne walizipeleka Washington mwezi Desemba, na Seneta George Hoar akaziwasilisha katika Seneti. Mkataba ulikosa thuluthi mbili za kura uliozihitaji. Dau la mnyonge lilikwenda joshi kwa miezi michache.

Kisha vikazuka vita kati ya Marekani na Hispania mwaka wa 1898, na kituo cha meli katikati ya Pasifiki kikaonekana cha lazima. Waliotaka visiwa waliuacha mkataba kando, wakatumia azimio la kawaida la mabunge mawili, ambalo lilihitaji wingi wa kura tu. McKinley alilitia saini tarehe 7 Julai 1898. Bendera ya Hawaii iliposhushwa tarehe 12 Agosti, Malkia hakuhudhuria. Mwaka huo alikuwa ametoa kitabu cha maisha yake kwa Kiingereza, ili wale waliomsema waweze kumsoma. Aliendelea kudai ardhi ya taji mahakamani hadi akashindwa mwaka wa 1910, na mali yake akaiweka wakfu kwa ajili ya mayatima wa Hawaii. Alifariki tarehe 11 Novemba 1917 akiwa na umri wa miaka 79. Hawaii ikawa jimbo la Marekani mwaka wa 1959.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo lililonisukuma kuandika. Mwaka wa 1896 sheria ya Jamhuri iliamuru Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia shuleni. Watoto waliosema Kihawaii waliadhibiwa. Wengi wetu tuliosoma Kenya hatuhitaji kuelezwa zaidi, maana tulikivaa shingoni kile kibao cha aibu kwa kosa la kusema lugha ya mama. Kizazi baada ya kizazi, Wahawaii wakapoteza uwezo wa kuyasoma magazeti na barua za mababu zao. Wanahistoria nao wakaandika vitabu kwa kutegemea maandishi ya Kiingereza pekee, na wanafunzi wakafundishwa kwamba Wahawaii waliipokea Marekani kimya kimya. Wakati wote huo zile saini zilikuwa zimelala katika hifadhi ya nyaraka mjini Washington. Mwaka wa 1996 msomi wa Kihawaii, Noenoe Silva, alizifikia na kuzirudisha nyumbani, na wajukuu wakayaona majina ya bibi na babu zao yameandikwa kwa mkono. Miaka mitatu kabla ya hapo, tarehe 23 Novemba 1993, Rais Bill Clinton alikuwa ametia saini azimio la Kongresi la kuwaomba radhi Wahawaii. Azimio hilo liliyanukuu maneno yale yale ya Malkia ya Januari 1893.

Azimio halikurudisha ufalme, na sitaki kumdanganya mwanafunzi kwamba kalamu hushinda mzinga. Mizinga ilishinda. Lakini kama Malkia angeandika hati ya kawaida ya kujiuzulu, Blount asingekuwa na shauri la kuchunguza, na Kongresi ya 1993 isingekuwa na la kuombea radhi. Kihawaii chenyewe kilitangazwa kuwa lugha rasmi ya jimbo mwaka wa 1978, na shule zinazokitumia kufundishia zilianza kufunguliwa katika miaka ya 1980. Wanaosoma humo wataweza kuusoma ushahidi bila mkalimani.

Nasi tuna deni kama hilo. Barua, mikataba na tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu zimehifadhiwa Dar es Salaam, London na kwingineko. Ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili katika vyuo vyetu wanaoweza kuzisoma? Mwalimu wa historia akiufundisha mkataba wowote kati ya dola kubwa na nchi ndogo, uwe wa karne ya 19 au wa jana, awaulize wanafunzi wake maswali ambayo Malkia huyu alijiuliza kabla ya kuishika kalamu: Nani anampa nani? Kwa jina gani? Hadi lini? Na mwalimu wa lugha aongeze la nne: Imeandikwa kwa lugha ya nani?